Dagaa, Mgebuka na Kicheko cha Ritha

Kamera ya zamani ya Klementina ilikufa Jumanne, mbele ya mtoto aliyetoka kubatizwa. Ilitoa mlio mmoja kama wa mtu aliyekabwa na mwiba wa samaki, ikanyamaza. Klementina akaitikisa, akaipuliza, akaifunga kwenye kanga na kuikandakanda kama mgonjwa, wapi. Studio yake pale Gungu ilikuwa chumba kimoja chenye pazia lililochorwa maporomoko ya maji na swala wawili wenye macho makubwa kuliko ya ng'ombe. Vyote hivyo vilikuwepo, kamera haikuwepo. Na Jumamosi ya wiki ile ile alikuwa ameahidi kupiga picha za harusi.

Harusi yenyewe haikuwa ya mtu baki. Alikuwa anaolewa Ritha, binti wa shoga yake Leonia. Leonia alivuka ziwa kutoka upande wa Fizi wakati wa vita, Ritha akiwa msichana mdogo ameshika pindo la kitenge cha mama yake. Wakapanga chumba Rusimbi, Leonia akawa anachoma mihogo karibu na mlango wa studio, na yeye na Klementina wakawa watu wa kuombana chumvi na kuteta. Sasa ilikuwa miaka ya kurudi. Wakimbizi wa Kongo walikuwa wakipandishwa meli bandarini Kigoma, kundi baada ya kundi, kupelekwa mji wa Baraka, na jina la Leonia lilikuwa limetoka. Safari ni Jumatatu.

Ritha yeye harudi. Amempata Kalisti, mvuvi wa Katonga. Na mvuvi wa dagaa haoi siku anayotaka. Giza likiwapo yuko ziwani na taa zake. Mwezi ukijaa, dagaa hawaifuati taa tena, kwa hiyo wavuvi hubaki nchi kavu wakashona nyavu, wakalala, wakaoa. Mwezi ulikuwa unajaa Jumamosi. Meli ilikuwa inaondoka Jumatatu. Hapakuwa na kitu cha kusogeza mbele wala nyuma.

Leonia alitaka kitu kimoja tu, na alikisema kwa Kiswahili chake cha ng'ambo huku akigeuza mihogo.

"Picha ya kambi, ile ya karatasi za wakimbizi, imenifanya kama mwizi wa kuku. Na ile ya Ritha ya shule, amesimama utadhani anangoja fimbo. Mimi nataka mutoto wangu akiwa anacheka. Nikifika kule, nikimkumbuka, nimuone anavyocheka. Ingine sitaki."

Ombi dogo hilo, ukilisikia. Lakini kila mtu Rusimbi alikijua kicheko cha Ritha. Kilianza puani, kikafunga macho, kikapasuka, na papo hapo mkono ukaruka kufunika mdomo, maana aliuonea haya mwanya wake. Kutoka kicheko hadi mkono ni kama kupepesa jicho. Kukinasa ni kazi.

Basi Klementina akapanda bodaboda hadi mjini kwa Bariki, muuza redio, ambaye siku hizo alikuwa ameleta kamera za kisasa, zile zisizotumia filamu, pamoja na kompyuta na mashine ya kuchapia picha. Bariki alikuwa nazo mbili. Moja ndogo, nyembamba, inang'aa. Klementina akaiita Dagaa palepale. Nyingine nyeusi, nene, ndefu ya mdomo, ya kubebwa kwa mikono miwili. Hiyo akaiita Mgebuka, kama yule samaki mkubwa wa ziwani anayewala dagaa. Bariki alimwamini tangu zamani, akamwambia aondoke nazo zote, achague, moja airudishe Ijumaa.

Hapo ndipo mwalimu Gideon alipoingia na gazeti lake. Gideon ni mtoto wa dada yake Klementina, anafundisha shule ya msingi, kijana mtaratibu wa kupiga pasi hata soksi. Mzungu mmoja wa shirika la wakimbizi, wakati anafunga mizigo yake, alikuwa amemwachia furushi la magazeti ya zamani, na katika moja kamera zilikuwa zimepangwa foleni kama watahiniwa, kila moja na nyota zake. Dagaa ilikuwa ya kwanza. Mgebuka ilikuwa karibu na mkia, imeishinda moja tu.

Gideon akasoma akitafsiri. Dagaa, gazeti lilisema, ni nyepesi, ina rangi safi, inapiga haraka. Mgebuka ni mzigo, inakula betri, na tena ina uvivu: ukibonyeza, inafikiri kwanza ndipo inapiga.

"Mama mdogo, hawa watu wamekaa na kamera hizi ndani ya maabara," alisema Gideon. "Wamepima kila kitu kwa mashine. Sisi tutabisha nini?"

Klementina hakubisha. Aliuliza tu wamepimia wapi. Akavaa miwani, akazitazama zile picha za majaribio moja moja. Palikuwa na bakuli la matunda, daraja chini ya wingu zito, na dada mmoja mweupe wa nywele za manjano amekaa karibu na dirisha. Alitafuta ziwa, hakuliona. Alitafuta jua la saa sita, hakuliona. Alitafuta mtu wa rangi yake mwenyewe, akafunua mpaka ukurasa wa mwisho, hakumwona.

"Gazeti limejibu kitendawili vizuri sana, Mwalimu," akasema. "Ila si mimi niliyekitega."

Alhamisi akashuka nazo Katonga. Ilikuwa saa ambayo mchanga unachoma nyayo na dagaa walioanikwa wanameremeta mpaka unatembea umekunja uso. Bi Eufrasia, fundi wa kuanika, alikuwa akigeuza dagaa na wenzake. Walimkaribisha kwa mwakeye, salamu ya Kiha, wakamtania kwamba amekuja kuwapiga picha kabla hawajaoga. Walipoona kamera mbili, utani ukaisha. Wakajipanga, wakashusha mikono ubavuni, wakabana pumzi. Ndivyo watu wa kwetu wanavyopigwa picha. Hata nzi akitua puani ataondoka mwenyewe akichoka.

Klementina akapiga kwa Dagaa, akapiga kwa Mgebuka, kisha wote wakajazana kuangalia kwenye vioo vidogo nyuma ya kamera. Kwenye Dagaa ziwa lilikuwa buluu ya kupendeza, na samaki ungeweza kuwahesabu magamba. Akina mama, sasa, walikuwa wamekwisha. Nguo zipo, vilemba vipo, nyuso hazipo, nyeusi kama matako ya sufuria.

"Hii imewapenda samaki," alisema Bi Eufrasia. "Mimi imenifanya kivuli cha mtu."

Kwenye Mgebuka, yenye taa yake kubwa, nyuso zilitoka zote, na Bi Eufrasia alionekana mpaka kidoti cha shavuni. Akina mama wakapiga vigelegele, mmoja akataka apigwe tena akiwa peke yake.

Klementina alipanda kilima kurudi Gungu akitembea kama mtu aliyeshinda kesi. Dagaa akairudisha kwa Bariki. Gideon alijaribu kukumbusha kwa upole kwamba gazeti lilisema neno fulani kuhusu uvivu, lakini mama yake mdogo akamjibu kwamba gazeti lililokosea nyuso za watu halina la kumwambia kuhusu kidole chake. Na gazeti lenyewe akampa Pastory, muuza karanga, ambaye alishukuru sana kwa karatasi ngumu namna ile.

Jumamosi ikafika. Baada ya misa watu wakateremka Katonga nyumbani kwa akina Kalisti, ngoma ikaanza, na ndugu wa Leonia waliobaki wakaonyesha kwamba mabega yao hayajasahau kucheza. Ritha alikuwa amependeza, na alikuwa anacheka. Alicheka shangazi alipopoteza kiatu, alicheka bwana harusi alipokosea hatua. Klementina kila akisikia kicheko kinaanza puani, anabonyeza.

Mgebuka ikafikiri. Halafu ikapiga.

Picha ya kwanza: mkono. Ritha macho mawili juu, na chini yake mkono. Ya pili, mkono. Ya tatu, mgongo wa shangazi wa Kalisti, aliyekuwa hayupo pale Klementina alipobonyeza. Ya nne, mkono tena, na pete mpya ikionekana vizuri sana. Akabonyeza mpaka kidole kikamuuma. Mara mbili alibadilisha betri. Na hilo nalo gazeti lilikuwa limesema.

Alijaribu kumwomba Ritha acheke tu bila kujifunika. Ritha akaitikia, shikamoo na heshima zote, akasimama mbele ya kamera, akashusha mikono ubavuni na kubana pumzi.

Jua lilikuwa limeanza kuteremkia milima ya Kongo. Leonia alikuja akaomba kuona. Akatazama kwenye kioo, picha moja baada ya nyingine. Akavuta kitenge chake begani, akakifunga upya ingawa hakikuwa kimelegea.

"Basi, dada," akasema. "Hata ya mkono nitaichukua. Mkono pia ni wake."

Maneno hayo yalimwingia Klementina kuliko kama angegombezwa. Akaenda kuketi kwenye ukingo wa mtumbwi uliopinduliwa, Mgebuka mapajani. Gazeti lilipima bakuli la matunda, alijiwazia, nami nikalicheka. Mimi je, nilimpima nani? Nilimpima Bi Eufrasia, ambaye mbele ya kamera hatikisiki hata akipandwa na siafu. Hivi uvivu wa kamera ningeuonea wapi? Wao hawakuwa na nyuso zetu, mimi sikuwa na kicheko. Kila mmoja kaona upande wake akadhani ameona yote.

Haya, kamera hii inafikiri kwanza ndipo inapiga. Akaanza kutafuta ni jambo gani ambalo binadamu naye hulifikiria kwanza, ndipo acheke. Na yeye, aliyelelewa kwenye vitendawili tangu hajaota meno ya mbele, alikuwa karibu kujipiga kofi kwa kuchelewa kuliona.

Akasimama. Akamvuta Leonia akamweka kando ya binti yake, akamwomba Ritha amshike mama yake kwa mikono yote miwili, asimwachie. Hilo Ritha alilifanya bila kulazimishwa. Kisha Klementina akainua kamera na sauti.

"Kitendawili!"

Ngoma ikakatika. Ua mzima ukageuka. "Tega!"

"Nina bwana mmoja huwasha taa usiku kualika wageni. Wakija, anawaanika."

Watu wakatazamana. Ritha akatazama juu, akatazama chini, akamtazama Kalisti, na macho yakaanza kumetameta. Jibu lilikuwa limemfika. Klementina akabonyeza hapohapo, kabla neno halijatoka.

"Mume wangu!" alisema Ritha. "Mvuvi wa dagaa!"

Ua ukalipuka. Kicheko kikaanzia puani, kikafunga macho, kikapasuka, mwanya wote nje, na mikono ikiwa bado imemshika mama yake. Na Mgebuka, ikiwa imemaliza kufikiri, ikapiga, hata kabla Bi Eufrasia hajamuuliza bibi harusi kama ameshajiandaa kuanikwa.

Leonia alipoitazama alirudisha kamera haraka, akasema moshi wa jikoni umemwingia machoni. Jiko lilikuwa upande wa pili wa nyumba.

Jumatatu Bariki alifungua duka mapema kuliko desturi yake, akaichapa. Klementina akafika bandarini ameishika picha kifuani ndani ya bahasha, Gideon nyuma yake amebeba beseni la mihogo ya safari. Pastory alikuwa amewatangulia, anawauzia wasafiri karanga. Klementina alinunua kifurushi kimoja, akakifungua na kutazama karatasi, akanunua na kingine. Gideon alipomuuliza anatafuta nini, akajibu kwamba anatafuta ule ukurasa wa uvivu, kuna mengine huenda hakuyasikiliza vizuri. Gideon alikuwa na haki ya kusema kitu. Akala karanga.

Leonia alikuwa tayari kwenye foleni ya kupanda, mzigo kichwani, Ritha na Kalisti pembeni. Klementina akampa picha. Wakashikana. Na kwa kuwa wote wawili walijua wakianza kulia meli itamwacha Leonia, Klementina akafanya analolijua.

"Kitendawili."

"Tega, dada."

"Nimemwacha ng'ambo, nimevuka naye."

Leonia akafikiri, akashindwa, au alijifanya. Akasema atatoa mji. Akatoa Baraka. Klementina akakataa, akimuuliza akishautoa Baraka atashukia wapi. Akatoa Fizi, akakataliwa pia. Foleni ikasogea, naye akasogea nayo.

"Basi nakupa Ujiji."

"Ujiji si yako."

"Mihogo yote ile niliyowachomea? Nusu ni yangu."

Watu wa foleni wakacheka. Klementina akasema ameupokea, nusu hiyo hiyo, na atamtunzia mpaka atakapokuja kuitembelea. Kisha akainua Mgebuka.

"Jibu unalo mkononi mwako," akasema, na kidole kilikuwa kimeshabonyeza.

Leonia akatazama chini, akamwona Ritha kwenye picha. Kicheko kikamwanzia puani, kikamfunga macho. Hapo ndipo Klementina alipogundua, baada ya miaka yote ya kuombana chumvi, kwamba mwanya ule Ritha aliurithi kwa mama yake.

Kamera ikamaliza kufikiri, ikapiga.