Njia Aliyoifungua Ravdna

Ravdna alikuwa amevuka miaka thelathini alipoanza kujifunza pikipiki ya theluji, na kwa watu wa kwao hiyo ilikuwa aibu tupu. Watoto wa wafuga kulungu wa Finnmark, kaskazini kabisa mwa Norwei, hupanda mashine hizo kabla hawajajua kufunga kamba za viatu. Lakini yeye alilelewa Oslo na mama yake, akaajiriwa kwa daktari wa meno, na alirudi tu baada ya baba yake kufariki na kumwachia kulungu wenye alama yake masikioni. Baba mdogo wake, Issát, alimpokea bila maneno mengi. Alimpa kitanda, ovaroli ya marehemu na sharti moja: ukiimudu kazi msimu huu, kulungu wa baba yako watabaki na wewe utabaki nao, usipoimudu, tutawauza kabla ya kiangazi na wewe urudi kwenye meno yako.

Mwalimu wake alikuwa Máhtte, mtoto pekee wa Issát, kijana wa miaka ishirini na miwili asiyejua kufunga mdomo. Kwenye njia iliyoshindiliwa Ravdna hakuwa na shida. Pale hata bibi kizee ataendesha. Taabu ilikuwa nje ya njia, kwenye theluji laini ubavuni mwa mlima, na huko ndiko kazi yenyewe iliko, maana kulungu hawatembei barabarani kwa kukufurahisha wewe.

"Simama, dada," Máhtte alimwambia. "Ukikaa kitako kama uko kwenye basi, mashine itakupeleka inakotaka yenyewe."

"Si nimesimama."

"Umesimama kama unapokea wageni. Sogeza miguu upande wa juu. Uzito wote uende mlimani, hata kama moyo unakataa. Haya, tia mafuta."

Ravdna alitia mafuta. Mashine ikaanza kukata ubavu wa mlima, ikaenda vizuri kidogo, halafu akachungulia chini, mwili ukafuata macho, na pikipiki ikageuza pua kuelekea bondeni na kumtupa. Alizama kwenye theluji mpaka kwapani.

"Kila siku bondeni," Máhtte alisema akiwa ameshika mbavu zake kwa kicheko. "Kuna nini huko bondeni? Una mchumba?"

"Njoo unisaidie kuinua hili dude."

"Ngoja nimalize kucheka kwanza. Nikikatisha naumwa tumbo."

Ndivyo walivyokuwa. Kibanda chao cha mbao kilikuwa peke yake kule juu, nao walikuwa wakilinda majike wenye mimba waliokuwa wakisubiri kuhamia kwenye mazalio karibu na pwani. Zaidi ya mbwa hawakuwa na mtu mwingine. Mama yake Máhtte alikwishahamia mjini zamani, akaolewa huko, na Issát hakuwahi kulitaja jina lake tena.

Kulikuwa na jambo moja ambalo Issát alimweleza Ravdna wiki ile ile aliyofika, na alimweleza kwa kumpeleka mahali penyewe. Kati ya malisho na barabara kuu ya malori kulikuwa na mteremko wenye miti midogo ya mibachi, na theluji yake ilimfika mtu kifuani. Hapakuwa na uzio wala kamba. "Theluji hii ndiyo uzio," Issát alisema. "Jike mwenye mimba hawezi kujihangaisha humu. Lakini ukipita na mashine mara moja tu, ule mfuo wako utaganda usiku, uwe mgumu kama sakafu, na asubuhi wataufuata mmoja nyuma ya mwenzake mpaka unakoishia. Hapa hapiti mtu." Ravdna alisema ameelewa, na kweli alikuwa ameelewa. Asitafutiwe udhuru hapo.

Siku moja ya Aprili, jua likiwa limekwishaanza kuchoma nyuso, alimsikia baba mdogo wake akiongea kwenye simu na mfugaji mwenzake. "Bado anaanguka," mzee alisema. "Sijui. Naona nitawauza tu." Basi. Hakusema kwa ubaya, lakini maneno yale yalimwingia Ravdna na hayakutoka. Wanaume wakaondoka kwenda kukagua upande wa ziwa, naye akaachwa na mbwa na vyombo vichafu. Alipomaliza kuosha, akawasha mashine.

Alitaka theluji nene na laini ya kufanyia mazoezi, na alitaka mahali ambapo hakuna wa kumcheka. Mahali pa namna hiyo palikuwa pale tu, kwenye mteremko aliokatazwa. Alijiambia kwamba atacheza pale juu ukingoni na hatashuka. Akasimama kwenye mashine, akasogeza miguu, akaupeleka uzito mlimani hata kama moyo ulikataa, na safari hiyo mashine ikamtii. Ilikata ubavu ikirusha theluji kama unga, ikaenda mpaka mwisho, akageuza, akarudi. Jamani, raha aliyoipata. Alicheka peke yake ndani ya kofia. Akajaribu tena, na tena, kila mara akishuka kidogo bila kujua, mpaka mti ukamjia mbele ghafla, akaogopa, akachungulia chini. Pua ikageuka. Mashine ikaserereka katikati ya mibachi na kuzama.

Alichimba kwa koleo mpaka jasho likamwingia machoni. Akashindilia theluji kwa miguu, akauinua mkia wa mashine kwa mgongo, akaikomboa. Lakini kupanda hakuweza. Kila alipotia mafuta mkanda wa chini ya mashine ulichimba shimo. Njia iliyobaki ilikuwa kushuka. Akashuka mpaka barabarani, akazunguka kandokando ya lami, akarudi kibandani kwa njia ya siku zote. Alipogeuka kutazama, mfuo wake ulionekana waziwazi, mstari mmoja kutoka malishoni mpaka kwenye lami. Huenda theluji ikaanguka usiku, alijiambia. Mbingu ilikuwa nyeupe pee, haina hata kipande cha wingu.

Kama angesema jioni ile, wangekwenda watatu na makoleo na magunia ya kuwatishia kulungu, wakaikata njia ile kabla chakula hakijapoa. Issát alirudi wa kwanza, Máhtte baadaye. Wakala mchuzi wa nyama na viazi.

"Umeshindaje?" Issát alimuuliza.

"Salama, baba mdogo. Nililala kidogo."

Kuanguka bondeni ni jambo la kila mwanafunzi. Kosa hasa lilikuwa ule uongo wa kulala, na Ravdna alilijua hilo kijiko kikiwa bado mdomoni.

Asubuhi dereva wa lori la samaki alipiga simu akilia. Walipofika barabarani walikuta majike tisa wamegongwa. Wengine walikuwa wamekufa na wengine bado, na Issát alikwenda kutoka kwa mmoja hadi mwingine na kisu, akiwamaliza na kuwashika shingo mpaka watulie. Tumbo la mmoja lilicheza baada ya mama kufa, kisha likaacha. Ravdna alitapika kando ya barabara. Dereva, mwanamume mnene wa makamo, alikuwa akizunguka akiomba radhi kwa kila mtu, akamwomba radhi hata Ravdna. Alimshika mkono kwa mikono yake miwili, na Ravdna akakubali kushikwa, akasema "si kosa lako," na hilo ndilo neno pekee la kweli alilolitamka siku hiyo.

Issát aliyageuza masikio ya wale waliokufa kusoma alama. Sita kati yao walikuwa wa Máhtte, wa ukoo wa wale aliopewa alipozaliwa. Halafu mzee akainua macho akaufuata ule mfuo mpaka juu.

"Nani kapita hapa?"

Issát alikuwa akimtazama mwanawe. Mwaka uliopita Máhtte na rafiki zake walikwenda kurukaruka na mashine kwenye miteremko ili wajipige video, na mzee hakuwa amelisahau jambo lile. Máhtte alipanda mteremko kwa miguu mpaka penye mibachi, akainama, akatazama, akarudi taratibu. Ravdna alimngoja. Alijua nini kiko kule: shimo alilochimba, na alama za buti zake.

"Ni mimi," Máhtte alisema. "Jana nikitoka ziwani nilikata njia."

"Hata wa kwako mwenyewe hukuwahurumia."

"Ni mimi, baba. Nimeshasema."

"Lete ufunguo wa mashine." Issát aliutia mfukoni. "Hutahama na sisi. Nitahama na binti wa kaka yangu. Yeye hajui kuendesha, lakini akiambiwa kitu anasikia."

Ravdna alitamani ardhi immeze. Alikuwa amefungua mdomo, na Máhtte alimtazama kwa jicho la kumnyamazisha, naye akaufunga. Ulikuwa mdomo mwepesi mno wa kufungika.

Ravdna alimfuata kijana nyuma ya kibanda, alikokuwa akichuna kulungu waliokufa.

"Kwa nini umesema ni wewe?"

"Shimo nimeliona. Mtu kaelemea bondeni mashine ikamshinda. Nani mwingine hapa?"

"Nakwenda kumwambia sasa hivi."

"Mwambie, halafu kesho kutwa uko Oslo unachokonoa meno." Máhtte hakuwa akicheka. "Dada, unajua nimekaa na yule mzee miaka mingapi, wawili tu? Tangu mama aondoke. Anaongea na mbwa kuliko mimi. Hasira zake nimezizoea, hazinipi taabu. Kimya chake ndicho kinaniua. Tangu uje wewe, jioni angalau kuna mtu wa kumtania. Kulungu wamekwishakufa, hawarudi. Usiniondolee na hicho."

"Lakini anakuona mjinga."

"Alikuwa ananiona hivyo hivyo. Nyamaza, nifanyie hilo tu."

Basi akanyamaza, na akajidanganya kwamba ananyamaza kwa ajili ya Máhtte.

Siku zilizofuata zilikuwa za adhabu, ila adhabu yenyewe ilikuja kwa sura ya upole. Issát alimkatia Ravdna vipande vinono vya nyama kavu ndani ya kahawa yake, kama ilivyo desturi ya kwao. Alimfundisha mwenyewe, akikimbia kando ya mashine kwenye theluji, umri wake wote ule, akimshika mkanda wa kiuno ili mwili wake uelemee juu. Na Ravdna akaweza. Alikata miteremko ambayo mwezi mmoja nyuma ingemtupa, na kila alipofika salama mzee aliitikia kwa kichwa. Máhtte alipita na ndoo za maji akitazama chini. Hakumtania tena. Alikuwa ameeleza kuwa anataka mtu wa kucheka naye, lakini wale wawili walipobaki peke yao hawakuwa na la kusemezana, maana kila neno lilikuwa na wale kulungu tisa ndani yake.

Asubuhi ya kuhama, Issát aliketi mezani na Ravdna, wakati Máhtte akifunga mizigo nje kwenye sleji ya kuburutwa thelujini, kwa safari asiyokwenda.

"Nimeongea na mtu wa bandarini," mzee alisema. "Kuna kazi ya kupakia samaki. Nitampeleka Máhtte huko, asirudi milimani. Kulungu wake wanaobaki nitakukabidhi wewe. Nilidhani utashindwa, mwanangu. Nilikosea."

Ravdna alikiweka kikombe chini.

"Baba mdogo, ile njia ni yangu."

Akamweleza yote: simu aliyoisikia, mteremko, mti, shimo, na ule uongo wa kulala. Hakulia, kwa kuwa aliona akilia atakuwa anaomba huruma. Issát hakumkatiza. Alisikiliza akitazama meza.

"Sasa huyu kwa nini alisema ni yeye?"

Hapo Ravdna angeweza kusema Máhtte alimwonea huruma, ikaisha. Lakini alikwishachoka kuficha, na ukweli ulipopata mlango ukatoka wote, hata ule usiokuwa wake.

"Hataki kubaki peke yake na wewe. Anasema kimya chako kinamuua."

"Alisema hivyo?"

"Alisema hivyo."

Issát aliinuka akatoka bila kofia. Kupitia dirishani Ravdna alimwona amesimama karibu na mwanawe, akitoa ufunguo, akisema kitu. Máhtte aliupokea. Halafu akageuka kutazama dirisha, moja kwa moja, na Ravdna akajua amekwishaelewa kuwa kila kitu kimesemwa, hata siri aliyompa yeye peke yake. Uso wa kijana ulikuwa mwekundu kwa aibu. Akainama akaendelea kukaza kamba.

Mzee alirudi ndani, akasimama mlangoni, theluji ikiyeyuka nyweleni.

"Sharti letu unalijua," alisema. "Kuimudu kazi si kuendesha tu."

"Nalijua."

Ravdna alidhani mzee ataondoka baada ya hapo. Hakuondoka. Alikaa kwenye benchi, mikono katikati ya magoti, na ghafla alionekana mzee kweli.

"Nimemwomba radhi," alisema. "Hakunijibu kitu. Nimesimama pale kama mjinga, hakunijibu." Akamtazama. "Nifanye nini, Ravdna?"

Ravdna alikuwa ameingia kwenye mazungumzo yale ili autue mzigo, na sasa aliuona ulipotua: mabegani mwa baba na mwana.

"Rudi ukamwambie tena," alisema.

Issát akarudi nje. Ravdna akavuta mfuko wake kutoka chini ya kitanda, akaanza kukunja nguo zake.