Pawatila Iliyotaka Kusalimiwa

Kamati ya kuandaa somo la zana za kilimo ilikutana kwenye maabara ya Sekondari ya Rusenga, kando ya barabara ya kutoka Kibondo kwenda Kasulu, kwa sababu maabara ndiyo iliyokuwa na viti. Vifaa vya maabara vilikuwa havijafika. Chai ilikuwa imefika, na mihogo ya kuchemsha, na Mwalimu Gharibu alikuwa amemchagulia Bibi Esteria kipande laini kisicho na nyuzi bila kuambiwa, maana aliyajua meno yake.

Mwalimu Gharibu alikuwa kijana wa Tanga aliyepangiwa kwetu na serikali. Alivaa sweta hata saa sita mchana. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Mzee Nurudini, mwenye duka la vipuri na saruji Kibondo mjini, mtu mkarimu mwenye sauti kubwa. Bibi Esteria aliwakilisha wazazi. Wazazi walimchagua akiwa ametoka nje ya mkutano kumfukuza mbuzi, na aliporudi wakampigia makofi, naye akadhani wanamsifu kwa ajili ya mbuzi.

Somo lilikuwa la kidato cha kwanza, nalo lilitakiwa kuanza muhula ujao. Asubuhi nzima walijadili kipindi cha kwanza kifundishe nini. Mzee Nurudini alitaka injini. Mwalimu Gharibu alitaka wanafunzi wajue kwanza spana zote na jinsi ya kujikinga wasiumie. Bibi Esteria alisema wafundishwe kutia mpini kwenye jembe, usije ukachomoka ukampiga mwenzako. Wakaandika yote matatu kuwa kipindi cha kwanza, wakaongeza chai. Sisi Rusenga hatujawahi kukataa wazo la mtu. Tunaliandika tu.

Lakini Bibi Esteria hakuja kwa ajili ya mipini. Alikuwa anamlea mjukuu wake, Evaline, aliyekuwa kidato hicho hicho cha kwanza. Chuo kimoja cha ufundi cha Kasulu kilikuwa kimeahidi kuwapokea wanafunzi watakaomaliza shule wakiwa wanajua kuendesha pawatila, lile trekta dogo la kushikwa kwa mikono, na kuifungua na kuifunga. Bibi alikuwa amelima kwa jembe la mkono tangu akiwa mdogo kuliko jembe lenyewe. Vidole vyake vilikuwa vimejikunja, havikunjuki tena hata kanisani. Alitaka vya Evaline vibaki vimenyooka. Hilo tu ndilo lililomfanya akae kwenye kamati na kula mihogo ya watu.

Pawatila yenyewe ililetwa na Fuso kutoka Kasulu, nyekundu, mpya, ina harufu ya duka. Ikasimamishwa karibu na mlingoti wa bendera, na haikuwaka. Wanaume walizungusha hendeli kwa zamu mpaka mmoja akateguka bega. Akaitwa fundi Twalibu kutoka Kasulu. Akaifungua tumbo, akasafisha filta, akaangalia nozeli, akafunga kila kitu, akajifuta mikono.

"Chombo ni kizima," alisema. "Nyie ndio sijui."

Akapanda pikipiki akaondoka.

Kikao kilichofuata Bibi Esteria aliwahi kufika. Akaikuta pawatila peke yake, umande umejaa kwenye vishikio vyake. Akaionea huruma. Huyu ni mgeni, aliwaza, ametoka mbali, watu wamempokea kwa kumnyonga mkono na kumpasua tumbo, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza habari za safari. Akatua kikapu chake. Akapiga magoti kwenye udongo mwekundu kama alivyofundishwa na mama yake, akapiga makofi ya polepole, akainamisha kichwa.

"Mwakeye," akasema, ndiyo salamu yetu Waha ya asubuhi.

"Mwakeye, mwakeye," ikajibu pawatila, kwa sauti nzito ya mzee aliyelala vibaya.

Ikauliza habari za watoto. Ikauliza habari za mihogo, na kama migomba imepatwa na mnyauko. Bibi akajibu moja baada ya jingine, bila haraka, kisha naye akauliza habari za njiani. Pawatila ikasema Fuso iliitikisa sana kwenye milima, ila dereva alikuwa mtu mwema, aliifunika na turubai mvua iliponyesha. Walipomaliza, ikawaka yenyewe, na moshi wake ukapanda taratibu pembeni ya bendera.

Mzee Nurudini akatoka na kikombe chake mkononi.

"Kumbe mgeni hakusalimiwa," alisema, na kama mwenyekiti aliona aibu kidogo. "Ajabu yake ni hii tu, kitabu chake kimeandikwa Kichina, yeye anaongea Kiha."

"Labda kuna Waha huko," alisema Mwalimu Gharibu.

Wakaingia ndani kuandaa somo.

Siku hiyo kazi ilikwenda vizuri kuliko siku zote, kwa kuwa sasa walijua mashine inataka nini. Walitoka nje mara kwa mara kuijaribu. Mzee Nurudini aliisalimia kwa Kiarabu, amesimama, mkono mmoja mfukoni. Ikaitikia, haikuwaka. Mwalimu Gharibu akaipa shikamoo. Ikasema marahaba, ikatoa kimoshi kidogo cha adabu, ikanyamaza. Mwalimu wa michezo alipita akaiambia "Mambo vipi, mzee," na ilichukua muda mrefu kabla haijakubali tena kuzungumza na mtu yeyote. Bibi Esteria alipopiga magoti, ikawaka.

"Basi jambo limeeleweka," Mzee Nurudini akatangaza. "Tunaongeza mada. Mada ya kwanza: kusalimia mashine. Watasalimia wasichana. Hiyo ni kazi yao hata nyumbani, wameshaijua, hatupotezi muda kuwafundisha. Mada ya pili mpaka ya mwisho, kuwasha, kulima, kufungua injini: wavulana. Kila mtu ana sehemu yake. Na mama yetu hapa ndiye aliyetufungulia njia. Makofi kwake!"

Kamati ikampigia makofi. Bibi Esteria aliangalia magoti yake. Udongo ulikuwa bado uko pale, mwekundu, umekauka. Safari hii alielewa makofi ni ya nini.

"Mwenyekiti," alisema, "wavulana hawana magoti?"

"Wanayo, mama. Ila ni ya kuchezea mpira."

Watu wakacheka, na Bibi naye akacheka, kwa sababu alikuwa amezoea kucheka wengine wakicheka. Akajilaumu njiani kote mpaka nyumbani.

"Bibi, ndiyo nini sasa?" Evaline alimuuliza jioni, huku akimwoshea miguu kwa maji ya moto kama alivyofanya kila siku bila kuombwa. "Mmekaa wiki zote hizo kunipangia kupiga magoti? Hilo si ninalifanya hapa bure?"

"Niliionea huruma mashine, mjukuu wangu."

"Mashine umeionea huruma. Na mimi je?"

Evaline akamkausha miguu, kidole kimoja kimoja.

Kesho yake baada ya vipindi Bibi alimfuata Mwalimu Gharibu, akampeleka mbele ya pawatila. "Mwanangu, wewe ni mwanamume. Piga magoti tuone."

Mwalimu alitazama huku na huku. Akavua sweta, akalikunja, akalitandika chini kulinda suruali, kisha akaona ni ujanja usiofaa mbele ya mzee, akalitoa. Akapiga magoti palepale. Akapiga makofi ya polepole. Akasema maneno aliyofundishwa na Bibi, kwa Kiha chenye lafudhi ya Tanga. Pawatila haikujali lafudhi. Ikamuuliza habari za mama yake, naye akaijibu kwa kirefu, maana tangu ahamie kwetu hakuna aliyekuwa amemuuliza. Ikawaka.

"Kwa hiyo haichagui," alisema Mwalimu, akifuta macho, labda kwa sababu ya moshi.

"Haichagui," alisema Bibi. "Evaline! Njoo ushike."

Evaline alikuwa amesimama karibu na karo la maji. Akaja, akashika vishikio. Kishikio kimoja kilitaka kumkimbia, akakikaza. Akateremka nayo mpaka shamba la shule na kuchora mfereji mmoja mrefu, ulionyooka, udongo ukilala upande kama shuka iliyokunjuliwa. Alipofika mwisho hakujua kugeuza, wakaigeuza wote watatu wakisukumana, Bibi akipewa sehemu nyepesi ya kusukuma. Walirudi wamechafuka. Pawatila ikawashukuru kwa matembezi.

Kikao kilichofuata Mwalimu Gharibu alisema yote hayo mbele ya kamati. Alisema mwanamume amepiga magoti na mashine imewaka. Alisema msichana ameendesha na mashine imekwenda. Aliwapeleka wakaona mfereji. Mzee Nurudini aliusifu sana. Aliingia shambani na viatu vyake vya mjini, akatembea ndani yake toka mwanzo hadi mwisho, mkono umenyooka kama mtu anayepima ukuta.

"Umenyooka," alisema. "Mashallah. Huyu binti ana mkono. Na wewe mwalimu, una unyenyekevu. Mungu awalipe."

"Basi mpango tuubadilishe," alisema Bibi.

"Mama, nakuheshimu kama mama yangu mzazi. Lakini mpango tumeshaupeleka wilayani, na umerudi na muhuri. Halafu fikiria: mwalimu wa serikali amepiga magoti, wanafunzi wakimwona? Wazazi wakisikia watoto wao wa kiume wanapiga magoti shuleni, watasemaje?"

"Mzazi mwakilishi ni mimi," alisema Bibi. "Nimeshasikia. Sijasema kitu."

Mzee Nurudini akacheka kwa upendo wa kweli, akammiminia chai mwenyewe, akamtilia sukari anayoipenda. Mwalimu Gharibu aliinamisha kichwa. Alikuwa bado anangoja kuthibitishwa kazini. Wajumbe wakaendelea na ajenda iliyofuata, kwamba pawatila ijengewe banda, kwa kuwa si vizuri mgeni kulala nje. Wote wakakubali. Bibi Esteria naye akanyoosha mkono kukubali, kwa sababu kweli si vizuri.

Muhula ukafunguliwa. Asubuhi ya somo wasichana walipanga mstari mbele ya banda, wakapiga magoti, wakapiga makofi ya polepole. Pawatila ikawauliza habari za nyumbani mmoja mmoja, haikuruka hata mtu. Ilipofika kwa Evaline ikauliza, "Na wewe, mkono wako haujambo?"

"Mkono haujambo," alisema Evaline. "Umekaa tu."

"Pole, mwanangu," ikasema pawatila. Ikawaka. Mvulana mmoja akashika vishikio akaondoka nayo kuelekea shambani, akienda upande kama mlevi, na darasa likamfuata. Wasichana wakabaki kufagia banda.

Bibi Esteria alikuwa amesimama kwenye uzio. Aliangalia sketi za wasichana zilivyochakaa magotini, na ngozi za chini yake zilivyochubuka kwa changarawe. Hakujua kuandika barua kwa wakubwa. Alijua kushona. Jioni hiyo akatoa vitenge vyake viwili, pamoja na kile cha sikukuu, akavikata, akavijaza sufi, akaendelea hivyo siku nyingi kwa vidole vyake vilivyojikunja, mpaka kila msichana akawa na kitakia chake cha kuwekea magoti.

Wasichana walimshukuru sana. Mwalimu Gharibu aliomba kimoja, akakificha kwenye dawati lake, na alikitumia watu wakishaondoka. Mzee Nurudini alipoviona alifurahi mpaka akamkumbatia Bibi mbele ya wajumbe. Kikao hicho hicho kamati ikakubali bila kupinga kwamba vitakia vya magoti viingizwe kwenye mahitaji rasmi ya somo la zana za kilimo, baada ya dizeli na kabla ya spana, na kwamba kuanzia mwaka ujao kila msichana atakayejiunga aje na cha kwake.