Kona ya Kuzuia Upepo

Jovin alipoanza kujenga kule Nangara, kwenye kiwanja kinachotazama ziwa, alitukanya mafundi tusiiite kazi yake nyumba. Tuiite mfumo. Nyumba, alisema, ni ile anayoishi baba yake, ya bati na matofali ya kuchoma, inayopoteza joto usiku na kulipokea mchana kama haina mwenyewe. Mimi nimejenga Babati kwa miaka ishirini na sita, na siku hiyo ndipo nilipojua kwamba muda wote huo nilikuwa najengea watu matundu.

Jovin anafanya kazi Arusha, kwenye shirika moja la mazingira lenye magari makubwa. Akija saiti aliliacha gari likiunguruma uani hata nusu saa ili kiti chake kisipate joto, huku akitueleza namna ya kuiokoa dunia. Nilikuwa naitikia tu. Ana adabu, shikamoo haimpiti mtu, na saruji ilikuwa inafika kwa wakati. Mteja wa namna hiyo unamvumilia mengi.

Kuta zilikuwa mbili mbili, na katikati tulijaza ule uchafu mweupe mwepesi unaoukuta ndani ya boksi la televisheni mpya. Madirisha yana vioo vitatu vitatu na makubwa hayafunguki. Maji yanachemshwa na jua, taa zinazima zenyewe ukitoka chumbani, na juu ya dari kuna bomba linaloivutia nyumba pumzi, maana yenyewe haina pa kupumulia. Tulipomaliza alikuja mtaalamu na feni kubwa, akaziba nayo mlango, akaiwasha, kisha akazunguka na kijiti cha udi akitazama moshi unakimbilia wapi. Nimeona watu wakipima tyubu ya baiskeli kwenye beseni la maji, lakini nyumba ya mtu mzima ilikuwa mara yangu ya kwanza. Ikafaulu. Jovin akapewa cheti, akakitia fremu.

Alichojivunia kuliko vyote ni kona. Nyumba nzima ina mlango mmoja wa kutokea nje, kwa kuwa kila mlango, kwa maneno yake, ni tundu lenye komeo. Ukiingia unajikuta kwenye kijumba cha hatua mbili, mbele yako ukuta. Unapinda kulia, unapinda tena, ndipo unaukuta mlango wa pili, wa sebuleni. Upepo wa ziwa ukiingia unagonga ule ukuta, unachanganyikiwa, unarudi ulikotoka. Hata sofa zilishindwa kupita pale, tukazileta vipande vipande na kuziunga ndani. Jovin alilichukulia jambo hilo kuwa sifa.

Hapo ndipo penye kosa langu. Kwetu hapa kila fundi anajua kwa nini mlango wa sebule huachiwa upana ule na kwa nini njia yake hunyooka. Hufundishwi na mtu, na hakuna ramani inayoliandika jambo hilo. Mwenye nyumba naye anajua, wala hamuulizani. Siku ya kuipandisha ile kona nilisimama na mwiko mkononi, nikaipima kwa macho, nikaona kabisa kitu ambacho hakitapinda pale. Lakini ningemwambiaje mtu anayejenga kwa furaha, na baba yake mzazi amekaa hapo hapo juu ya ndoo, anatutazama? Nikanyamaza, nikalaza kozi ya matofali iliyofuata.

Baba yake ni Mzee Aniceti. Kile kiwanja kilikuwa shamba lake la maharage, akampa mwanawe bila kuombwa mara mbili. Siku ya kuibariki nyumba alivua viatu mlangoni, akakaa ukingoni mwa sofa kama mtu anayesubiri kuitwa ofisini. Mkewe, Mama Valeria, alikuja na sufuria ya makande apashe, lile jiko la kisasa likagoma, halitambui sufuria za alumini. Wakala makande ya baridi, wakarudi kulala kwao. Hawakuwahi kulala kwenye mfumo hata siku moja. Hata hivyo, kila mgeni aliyepita Nangara, Mzee alimwonyeshea kwa kidole: ile pale, ya mwanangu.

Mwezi wa nane Mzee akaugua, akalazwa. Nilikwenda kumjulia hali, nikamkuta Jovin amemshika mkono. Mzee alikuwa anamwomba kwamba siku yake ikifika wasimpeleke kaburini moja kwa moja. Wampitishe kwanza sebuleni kwa mwanawe, aagwe humo, atokee humo kama baba wa mwenye nyumba. Jovin akasema ndiyo, baba, huku machozi yanamtoka. Mama Valeria alikuwepo. Nami nilikuwepo, na ni mimi niliyelowa jasho.

Alifariki Jumanne, na Alhamisi saa nne asubuhi tukamleta. Turubai lilikuwa uani, watu wamejaa, katekista ametangulia na msalaba. Wanaume sita tulibeba jeneza, mimi nikiwa mmoja wao. Mlango wa kwanza tulipita vizuri. Kisha kichwa cha jeneza kikagonga ukuta. Tukarudi nyuma, tukaliinamisha kulia, tukaliinamisha kushoto, tukagonga tena. Shemeji mmoja akashauri tulisimamishe wima. Mama Valeria akamtazama hadi mwenyewe akaona bora akasimame kule nyuma.

Jovin, na suti yake nyeusi, akaanza kueleza kwamba ibada ingependeza zaidi nje, hewa ni nzuri na ziwa linaonekana. Akaomba dakika moja, akampigia mchora ramani wake, na kwa haraka akajikuta amefungulia spika. Wote tukamsikia yule bwana akisema kwamba kona ndiyo moyo wa mfumo, ikiguswa cheti kinafutika, na kwamba jengo halikukusudiwa matumizi hayo.

Mama Valeria hakumwendea mwanawe. Alinijia mimi.

"Baba Edda, kona hii umeijenga wewe?"

"Ndiyo, Mama."

"Na hukuona?"

"Niliona."

"Ukanyamaza."

"Nilinyamaza, Mama."

Angenitukana ningeona nafuu. Aligeuka tu, akamwambia Jovin kwa sauti ya kawaida, "Ulimshika mkono ukamwambia ndiyo. Sasa mwambie mwenyewe, huyu hapa, kwamba haingii."

Jovin akalitazama jeneza. Mikono yetu ilikuwa imeanza kufa ganzi na hakuna aliyethubutu kuliweka chini. Nilikuwa nimemcheka mwaka mzima moyoni, lakini dakika ile nilimwonea huruma, maana alionekana mtoto kabisa. Akaitia simu mfukoni, mchora ramani akiwa bado anaongea humo ndani.

"Vunja," akaniambia.

Nilimpisha mtu kwenye jeneza, nikafuata nyundo na tindo. Ukuta nilioupandisha kwa siku tatu niliuangusha kwa robo saa, waombolezaji wakiimba. Ule uchafu mweupe wa katikati ulipasuka ukatumwagikia punje punje, ukaganda kwenye suti, kwenye vitenge vya akina mama, kwenye vazi la katekista. Mzee Aniceti akaingia sebuleni amenyooka, na upepo wa ziwa ukaingia nyuma yake. Hakuna aliyevua viatu. Mama Valeria alikaa katikati ya sofa, akaegemea. Kile kidude cha ukutani kinachopima hewa kilipiga kelele rozari nzima, na Eliakunda, mkewe Jovin, hakujua pa kukizimia.

Siku ya tatu baada ya mazishi Jovin aliniita. Alikuwa ameziba lile tundu kwa kipande cha turubai. Alitaka nirudishe kona, kwa sababu wenye cheti walikuwa wanakuja kupima upya, ila safari hii niipanue kidogo. Kidogo tu, akasisitiza, ramani isiharibike. Akaniuliza ipanuke kiasi gani.

Safari hii sikunyamaza. Nilimwambia kwamba vipimo vya Mzee havitamsaidia tena, Mzee alikuwa mfupi, na yeye ndiye mrefu kuliko wote katika ule ukoo. Nikamwomba avue viatu, asimame na mgongo ukutani.

Nikadhani atanifukuza kazi. Akavua, akasimama, akanyoosha mikono ubavuni. Nikashusha futi kamba kutoka utosini hadi kisiginoni, nikaongeza shubiri moja, nikaandika.