Usingizi Mapokezini

Jumatatu saa nne asubuhi mgeni aliingia mapokezini, miguuni kandambili, mwilini sweta lililotoboka kiwiko. Mpokea wageni alimsogezea kitabu na kalamu iliyofungwa kwa uzi, maana kalamu tatu zilikwisha kuibwa mwaka huo. Mgeni aliandika bila haraka. Jina: Usingizi. Atokako: nyumbani. Anayetaka kumwona: Nukta, ghorofa ya pili. Sababu: binafsi.

Mpokea wageni alimwuliza kama ana miadi. Alijibu kwamba hana, zamani hakuwa akihitaji miadi. Akaoneshwa benchi.

Nukta ndiye aliyesoma vile vikaratasi vinavyokunjwa ndani ya maboksi ya dawa, kabla havijachapwa: vidonge vingapi, mara ngapi kwa siku, kabla ya kula au baada. Jina hilo alipewa na wenzake kwa kuwa katika miaka kumi na moja hakuna nukta iliyompita. Kila mwisho wa mwaka vikaratasi humjia mafungu kwa mafungu, kwa sababu wakubwa hawapendi mwaka mpya uanze na viporo. Kwa siku kumi na tisa hakuwa amepata hata lepe. Alifungua dirisha, akalifunga, akarudi kwenye mstari uleule, akasahau alikuwa ametafuta nini dirishani. Mguu wake wa kulia ulitikisika chini ya meza na alikwisha kuacha kuuzuia.

Watu husema usingizi umewapaa. Wa Nukta hakupaa popote. Alikuwa chini pale, amekaa kwa adabu, mikono magotini. Alasiri Nukta aliteremka, akasimama mbele yake akibonyezabonyeza kalamu.

"Nimekungoja nyumbani wee, mpaka nikachoka," Usingizi alisema. "Unaingia kitandani na kazi mkononi. Mimi siwezi kumshika mtu aliyeshika kazi. Iweke chini, twende."

Nukta alimwomba asubiri amalizie fungu moja. Lilikuwa fungu moja kweli, ila lilikuwa na wenzake.

Jumanne alipiga muhuri kikaratasi cha dawa ya minyoo na kukitupa kwenye trei ya kwenda kuchapwa. Kwa kuwa hakuweza kutulia alikitoa tena, akakisoma tena. Kilisema mtoto wa miaka miwili ameze vidonge kumi na viwili. Ilipaswa kuwa mtoto wa miaka kumi na miwili, vidonge viwili. Nukta aliutazama mkono uliopiga muhuri, akauogopa. Aliogopa hasa, hadi akaukalia.

Akaenda kwa mkuu wa kitengo kuomba likizo. Mkuu alikuwa mtu mwema. Alisema likizo ni haki ya kila mfanyakazi, akampa fomu, akamkumbusha mstari wa mwisho, ule wa Mpokeaji wa Kazi. Hapo kazini mtu haondoki mpaka mwenzake atie sahihi kwamba kazi ameipokea. Nukta alipita meza kwa meza. Kila mmoja alimwonea huruma na kila mmoja alikuwa na rundo lake. Mhasibu alimpa biskuti. Fomu ilirudi na mstari uleule mtupu.

Jumatano mkuu alipita mapokezini, akaona kandambili zilezile chini ya benchi lilelile. Akaambiwa ni Usingizi wa Nukta, yuko hapo tangu juzi.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," mkuu alisema, akacheka, akaenda zake. Mpokea wageni hakuwa na mazoea ya kupima maneno ya mkuu. Alimpandisha mgeni ghorofa ya pili.

Usingizi alikuta fomu mezani. Akauliza kitu gani hasa kinahitajika ili kazi iwekwe chini. Nukta akamwonyesha ule mstari. Usingizi hakuwahi kuajiriwa mahali popote. Aliona pengo, aliona kalamu, na alikuwa anampenda. Akatia sahihi.

Nukta alifurahi nusura alie. Mkuu aliipitia fomu, akaona kila mstari umejazwa, akagonga muhuri. Nukta alitia mkoba begani, akafika mlangoni, akageuka.

"Haya, twende."

Usingizi alikuwa amekwisha kukaa kwenye kiti cha Nukta na kuvuta kikaratasi cha juu. Alimtazama kwa masikitiko. "Kazi iko mkononi mwangu sasa," alisema. "Tangulia. Nikimaliza fungu hili nitakuja."

Nyumbani mama yake alitandika mashuka mapya, akashusha pazia, akaenda kwa majirani kuomba redio zipunguzwe. Nukta alilala chali, macho makavu, akahesabu misumari ya darini. Ilikuwa thelathini na mmoja. Aligeukia ukuta, akageukia mlango, akainuka kunyoosha shuka lililokuwa limenyooka. Siku ya nne mama alikaa ukingoni mwa kitanda.

"Mwanangu, huyo Usingizi wako haji?"

"Yupo kazini, mama."

Mama alifikiri kidogo. Kuanzia siku hiyo hakutia komeo mlangoni, asije mtu akafika amechoka akakuta kumefungwa. Wiki mbili zikapita na hakufika mtu.

Nukta aliporudi, mwaka ulikuwa mpya na meza ilikuwa na mafungu mapya. Usingizi alikuwa amekonda. Macho yalikuwa mekundu, na chini ya meza mguu wake wa kulia ulitikisika. Kazi yake haikuwa na kosa, isipokuwa kwamba kila kikaratasi kilichopita kwake, hata cha marhamu ya visigino, kilimalizikia kwa mstari mmoja: Dawa hii huleta usingizi. Hakuna aliyelalamika.

Alimsogezea Nukta fomu. Alikuwa ameomba likizo, na mistari yote ilikuwa imejazwa ila mmoja. Mkuu alisimama mlangoni, akasema kwa upole kwamba maskini, amejituma, anastahili.

Nukta aliishika fomu kwa muda mrefu. Akikataa, watakaa hapo wawili, macho wazi, mwaka mzima. Alimhurumia, kwa kuwa alijua vilivyo alichokuwa akikisikia mwilini.

"Utakwenda wapi?" aliuliza.

"Nyumbani. Sina pengine."

Akatia sahihi. Usingizi alivaa kandambili zake, akateremka, akajaza saa ya kutoka kwenye kitabu cha wageni.

Saa sita mchana mama alipiga simu. Alisema mgeni amefika, hata maji hakunywa, amepitiliza chumbani na sasa amelala fofofo katikati ya kitanda. Akauliza kama amwamshe.

Nukta alisema amwache alale. Akakata simu, akavuta fungu la kwanza, na mguu ukaanza.