Mshindani wa Shangazi

Fomu ilirudishwa Jumatatu asubuhi, na kosa lilikuwa moja tu. Palipoandikwa "Taja washindani wako", shangazi yangu alikuwa amejibu: Hakuna.

Shangazi hupika sabuni za miche kwenye banda la nyuma ya nyumba. Anakoroga kwa mkono, na bega lake la kulia limeshaanza kumgomea. Alikuwa anaomba ruzuku ya serikali ili apate mashine ya kukorogea. Zamani maombi kama hayo yalipelekwa makao makuu yakalala huko mwaka mzima, huku viwanda vikubwa vikipewa. Sheria ya ushindani iliporekebishwa, ruzuku ndogo zikaanza kuamuliwa hapahapa wilayani, mradi washindani wa mwombaji waulizwe kwanza kama zitawaumiza. Asiye na mshindani anahesabiwa ameshika soko lote, na huyo bado lazima apitie makao makuu.

"Sasa mimi, na bega hili, ndiyo nimeshika soko?" Shangazi aliniuliza, kana kwamba kusoma kwangu chuo ndiko kulikotunga sheria.

Nilimkumbusha kwa upole kuhusu Mama Povu wa ng'ambo ya barabara, anayeuza miche kama ya kwetu. Akasema yule hapiki sabuni, anapika uji. Kumwandika kwenye karatasi ya serikali ni kumpandisha cheo.

Lakini mwisho wa kurekebisha fomu ulikuwa siku hiyo saa tisa. Bega likashinda. Akaandika jina la jirani kwa herufi ndogo kama sisimizi, akanituma mimi nikachukue maoni yake, maana wawili hao hawakuwa wamesalimiana tangu mwaka juzi.

Mimi huona haya hata kubisha hodi kwetu. Nilisimama mlangoni kwa Mama Povu mpaka akaniona mwenyewe.

"Ingia, mwanangu, unaniziba mwanga."

Akakausha mikono, akavaa miwani, akasoma mstari kwa mstari. Alipofika kwenye jina lake alirudia. Nikaanza kuomba radhi kabla sijaulizwa.

"Kaniandika," alisema polepole. "Huyuhuyu anayewaambia wateja wangu kwamba napika uji?"

Nikaitikia kwa kichwa. Mama Povu akakalia ndoo, akacheka mpaka miwani ikapata ukungu. Kisha akaomba kalamu. Aliandika: "Sina pingamizi. Huyu ni mshindani wangu kweli. Mche wake unadumu siku mbili zaidi ya wangu, na nimejaribu kila njia." Akaniapisha nisimsomee shangazi hiyo sentensi ya mwisho.

Nilimsomea. Shangazi aligeuza karatasi kutafuta mtego nyuma yake, hakuuona.

"Siku tatu," alisema, lakini sauti yake ilikuwa laini.

Tuliiwasilisha saa nane na nusu. Idhini ilitoka baada ya siku kumi na moja, na mashine ilipowashwa banda zima lilitetemeka, shangazi akiwa pembeni amekunja mikono kama bibi harusi.

Wiki iliyofuata Mama Povu alileta fomu yake mwenyewe, jina la shangazi likiwa limeandikwa kwa herufi kubwa. Shangazi akamvutia kiti, akaisoma yote. Kisha akaniomba karatasi ya ziada. Nafasi waliyoacha kwa maoni ya mshindani, alisema, ni ndogo mno.