Taa Nyekundu Siku ya Chanjo

Kliniki ya watoto ilipoletewa kipima hewa, muuguzi mkuu alikitundika mwenyewe ukutani, juu ya mabenchi ya kusubiria. Kilikuwa kidude cheupe chenye namba na taa. Taa ya kijani, hewa nzuri; njano, inaanza kuchoka; nyekundu, hewa imechoka.

Siku ya chanjo, jua halijapanda sawasawa, taa ikawaka nyekundu. Namba zilipita elfu mbili, na nje hazifiki hata mia tano. Ukumbi ulijaa pomoni, watoto wanakohoa, kina mama wanaambukizana miayo, na madirisha aliyoyafungua muuguzi asubuhi yote yamefungwa.

"Nani kafunga?"

"Mimi," ikajibu sauti kutoka benchi la mbele.

Alikuwa mama mkwe wake. Mtaani walimwita Bibi Sweta, maana hata jua liwake vipi, sweta haivui. Alikuwa amemleta mjukuu, mtoto wa binti yake, kamfunika gubigubi ikabaki pua tu.

"Mama, hicho kidude kinapima kaboni dayoksaidi, ile hewa tunayoitoa tukipumua. Ikizidi hivi, ujue tunavuta pumzi za wenzetu. Mmoja akiwa na mafua, tumegawana wote."

"Na upepo ukimpiga mtoto kifuani? Akipata kichomi, kidude chako ndicho kitakesha naye?"

Benchi zima likaangua kicheko. Muuguzi akahisi uso unawaka.

"Hapa ni kazini kwangu, mama, si sebuleni kwako!"

Akayasukuma madirisha, moja baada ya jingine. Kicheko kikakatika. Bibi Sweta aligeuka, akaupa upepo mgongo na kumkinga mtoto kwa mwili wake wote.

Muuguzi akaendelea kuchoma sindano, lakini moyo ulikuwa umeshaingia doa. Alipomaliza foleni ya kwanza, alikwenda akachuchumaa mbele ya mama mkwe.

"Nisamehe, mama. Nimekukosea adabu mbele za watu."

"Umenikosea, tena sana." Bibi Sweta akainuka na mtoto. "Haya, hebu kaa hapa nilipokaa. Mshike huyu."

Akakaa, akampakata mtoto. Mara upepo ukamchapa shingoni, ukamfunua mtoto nguo. Kumbe benchi lile lilikuwa limekaa mkabala na dirisha kabisa.

"Unaona sasa?"

"Naona. Ila na taa ile nayo siyo uongo, mama."

"Mimi sikusema ni uongo."

Muuguzi akainua macho kutafuta njia nyingine. Karibu na dari kulikuwa na vidirisha vyembamba, pande zote mbili za ukumbi, vimegandishwa na rangi miaka nenda rudi. Jioni akamwita fundi, naye akavibandua kwa patasi huku akiwalaani wapaka rangi wote waliowahi kuzaliwa. Mabenchi wakayasogeza mbali na madirisha.

Siku ya chanjo iliyofuata, vidirisha vya juu ndivyo vilivyokuwa wazi, na upepo ulipita juu ya vichwa. Taa ilianza kijani, watu walipojaa ikahamia njano, na hapo hapo ikabaki. Muuguzi bado anaililia halmashauri impe feni ya kutolea hewa. Mama mkwe naye hakuridhika sana. Alisema panavuma kidogo. Lakini mama mmoja aliponyoosha mpini wa ufagio kufunga kidirisha, ni yeye aliyemwambia, "Acha, mwanangu. Sogea huku, kaa na mimi."