Kijiko Kimoja Asubuhi, Kimoja Jioni

Ngendo aliuona kwanza uvimbe mdogo chini ya taya, akadhani ni jino. Kufikia katikati ya mwaka wa 1955 uvimbe ulikuwa umepasuka, na hata uji ulimshinda kumeza. Mumewe, Gathogo, aliyefanya kazi katika kiwanda cha kahawa huko Ruiru na aliyekuwa mzee wa kanisa, alimuuguza kwa zamu na Wamboi, dada yake Ngendo.

Siku moja Ngendo alimwomba mumewe waziwazi, akimwita kwa jina la binti yao aliyekwisha olewa. "Baba Gathoni, kufa nitakufa tu. Nisaidie niende mapema."

Gathogo akamwambia uhai ni wa Mungu, akamwombea. Ngendo hakuitikia amina. Vilio vyake viliendelea mpaka majirani wakaacha kuja kumjulia hali, ingawa serikali, katika vita vyake na Mau Mau, ilikuwa imewasukumia wote pamoja katika kijiji kipya nyuma ya uzio na handaki. Mwishowe Gathogo aliomba kwa chifu pasi, kibali cha kutoka kijijini, akaenda Thika kwa daktari mmoja Mhindi wa Goa aliyewahi kumtibu mkewe.

Hakuzungusha maneno. Aliuliza kama ipo sindano ya kumpumzisha mtu asiyeweza kupona. Daktari akafunga mlango, akamweleza kwamba kisheria huo ni uuaji, na yeye daktari angenyongwa.

"Kila juma serikali inanyonga watu wenye afya wanaotaka kuishi," Gathogo akasema. "Huyu anayeomba mwenyewe ndiye anakatazwa?"

"Leo umekuja wewe unayempenda," daktari akajibu. "Kesho atakuja aliyechoka kuuguza. Nitawatofautishaje?"

"Hata mimi nimechoka, daktari. Nimechoka, na ninampenda."

Daktari akafungua kabati. Alimpa chupa ya dawa ya maumivu, kijiko kimoja asubuhi, kimoja jioni, akamtahadharisha kwamba ikizidishwa itaua. Gathogo alirudi Ruiru asijue kama ameonywa au ameruhusiwa.

Dawa ilimtuliza Ngendo. Akalala, akaweza hata kuzungumza kidogo. Lakini alikuwa amemsikia Gathogo akimweleza Wamboi maneno ya daktari.

"Nipe yote," akasema.

Wamboi akamhimiza shemeji yake ampe. Kama ni dhambi, wataibeba wawili. Gathogo aliishika chupa kwa muda mrefu, kisha akamimina kijiko kimoja. Aliahidi kwamba dawa ikiisha atafuata nyingine Thika. Ngendo alimtazama, akageukia ukutani. Hakusema naye tena.

Kabla chupa haijaisha, homgadi mmoja, mgambo wa serikali, aliuawa karibu na daraja. Kijiji kikafungwa, pasi zikasimamishwa. Gathogo alimsihi chifu, akafukuzwa na askari. Dawa ikaisha. Ngendo akalia mpaka sauti ikamkauka, na baada ya hapo akawa anafungua kinywa tu, pasitoke kitu. Alikufa kijiji kikiwa bado kimefungwa.

Kwenye mazishi mchungaji alimsifu Gathogo kuwa imani yake ilijaribiwa isitikisike. Waombolezaji wakaitikia amina. Wamboi akajifunga shuka yake, akaondoka kaburi likiwa halijajazwa udongo.

Gathogo alibaki ameinamisha kichwa. Alijua si imani iliyouzuia mkono wake. Aliogopa tu; na hata pale kaburini hakuweza kusema aliogopa nini, Mungu, kamba ya serikali, au nyumba isiyo na Ngendo.